Mwenye kisu pale Ndutu

Mpaka juzi, kwangu tumbusi alikuwa tumbusi tu: ndege kipara, jina la kumtukania mtu anayenyemelea mirathi. Juzi nimekaa kando ya nyumbu mfu huko Ndutu, kusini mwa Serengeti, tangu saa tatu asubuhi hadi karibu saa tano, nikarudi na aibu kidogo.

Tumbusi mgongo-mweupe walishatua kama thelathini. Wamesimama tu. Nikamwuliza dereva wetu mbona hawali.

"Ngozi hiyo, dada. Wao ni wa nyama laini. Wanamsubiri mkubwa."

Jicho moja ndilo walilokuwa wameambulia.

Mkubwa akaja, yule wa kichwa chekundu chenye mikunjo ya ngozi mashavuni, mabawa yake karibu mita 3 toka ncha hadi ncha. Wengine wakampisha. Akakanyaga ubavu, akavuta mara tatu, ngozi ikachanika kwa mlio wa turubai kuukuu. Tunasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Pale mwenye kisu alishughulika na ngozi na mishipa migumu, na wasio na kisu wakazamisha shingo tumboni mpaka mabegani. Zikatoka zimelowa damu. Pembeni kabisa kulikuwa na kadogo ka kahawia, mdomo mwembamba kama kibano, kanaokota chembe zinazoruka. Huyo ndiye niliyempenda.

Dereva akanionyesha pia tumbusi wa Rüppell, manyoya yamepambwa kama magamba, anayetaga kwenye majabali. Mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Mzoga wanautafuta kwa macho, na wanatazamana: mmoja akishuka, wa mbali anamfuata, na wa mbali zaidi anamfuata huyo.

Kutazamana huko ndiko kunakowaponza. Majangili wanatia sumu kwenye mzoga wa tembo ili kundi lisizunguke angani likawaita askari. Na mfugaji aliyeliwa ng'ombe anapomtegea simba sumu, wanaowahi kufika ni hawa. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Piga hesabu mwenyewe.

Tulipowasha gari, yule mkubwa alijaribu kuruka. Akakimbia hatua kumi, mfuko wa kooni umemvimba, akashindwa. Akakaa chini kwenye majani, akatugeuzia mgongo.