Saa yetu ya ukutani inajua Kiswahili

Hii saa ya jikoni kwetu ni ya kawaida kabisa, ya duara, nyeupe, nlinunua kwenye yale maduka ya vitu vya yen 100 ingawa yenyewe ilikuwa yen 550, maana siku hizi hayo maduka yamebaki jina tu. Iko juu ya friji. Sikuwahi kuifikiria mpaka mwezi wa sita mwaka jana binti yangu aliporudi shule na karatasi ya hesabu.

Tuko Saitama, ukitoka Tokyo unapanda treni unaelekea kaskazini, ghorofa ya tatu, mimi na baba watoto na binti ambaye ndo alikuwa ameanza darasa la kwanza, na mdogo wake wa miaka mitatu ambaye kazi yake kubwa hapa nyumbani ni kumwaga wali. Karatasi yenyewe ilikuwa na michoro sita ya saa, chini ya kila mchoro mtoto aandike ni saa ngapi. Mwalimu kapita na kalamu nyekundu, na mimi naona vema, vema, vema, mpaka ya sita. Maksi hazikuandikwa. Aisee nlipiga kigelegele palepale jikoni, nikakanda unga nikamkaangia maandazi ambayo nlikuwa nimeyapangia Jumapili, mtoto mwenyewe ananiangalia tu anashangaa, lakini maandazi hakukataa.

Usiku baba watoto karudi, nikamletea karatasi kwa mbwembwe. Akaitazama, akakuna kichwa.

"Mama watoto, huku vema ndo kosa. Ukipata wanakuzungushia duara."

Yaani mtoto kakosa sita kwa sita na mimi nimempikia maandazi! Miaka minne nipo nchi hii sikuwa najua. Kwetu duara nyekundu ukiiona kwenye daftari lako unajua ni sufuri na leo hapakaliki, huku ukipata duara unaenda kumwonyesha bibi yako.

Tukakaa mezani kuangalia kakosea nini. Mshale mfupi uko kwenye 8, kaandika 2. Uko kwenye 3, kaandika 9. Uko kwenye 10, kaandika 4. Baba watoto akaanza kucheka kabla yangu. Mtoto hajakosea chochote jamani, amesoma saa kama ninavyomsomea mimi kila siku asubuhi nikiwa nimeshika soksi mkononi, "saa moja na nusu hiyo, wenzio wameshafika pale chini!" maana watoto wa mtaa wanaenda shule kwa miguu kwa kundi, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati, na kundi halimsubiri mtu. Mshale uko kati ya 7 na 8, mama anasema moja na nusu. Mtoto kashika hivyo.

Mwalimu akaandika kwenye lile daftari la mawasiliano kwamba anaomba tuongee. Nikaenda na ndala zangu kwenye mfuko (shuleni mzazi hauingii na viatu na inabidi ubebe ndala zako za ndani, mara ya kwanza nlisahau nikatembea na soksi korido nzima), nikakalishwa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti karibu na kidevu. Kijapani changu ni cha sokoni, cha bei na cha hali ya hewa, sasa huyu nitamwelezaje? Nikaomba karatasi nikachora jua linachomoza. Nikamwambia kwetu hapa ndo siku inaanza, kwa hiyo tunaanza kuhesabu, lisaa limoja likipita ni saa moja. Jua likizama tunaanza tena upya.

Mwalimu akatoa ile "eeeeh" ndefu ya Wajapani inayopanda mpaka dari. Akachukua karatasi ya mtoto akaweka kidole kwenye kila jibu, akasema yote yamekosewa kwa sita, hakuna lililopotea njia, huyu mtoto hesabu anaijua. Halafu akaniambia jambo ambalo hata sikulitegemea, kwamba na wao zamani walikuwa wanahesabu kwa jua. Kuanzia mapambazuko mpaka jioni walikuwa wanagawa mafungu sita, usiku sita, na walikuja kuacha serikali ilipobadilisha kalenda mwaka 1873. Kwa hiyo fungu moja la mchana wa kiangazi lilikuwa refu kuliko la mchana wa baridi, na watu waliishi hivyohivyo.

Sasa hili mimi nililielewa haraka kuliko yeye alivyodhani. Ile hesabu yetu ya saa moja asubuhi inakaa vizuri Tanga kwa sababu jua la kwetu lina adabu, halichelewi sana wala haliwahi sana. Huku mwezi wa sita saa kumi na nusu alfajiri kumeshakucha, mwanga unapita kwenye pazia, dogo kaamka anataka uji. Mwezi wa kumi na mbili nao saa kumi na nusu jioni jua linazama, ile spika ya mtaani inayopiga muziki kuwaambia watoto warudi nyumbani, mtaani kwetu kipindi cha baridi huwa wanaipiga mapema zaidi. Binti aliwahi kuniuliza, mama, kama siku inaanza jua likitoka, leo imeanza saa ngapi? Nikamwambia kale uji.

Basi Jumapili moja tukaenda Ueno, kwenye makumbusho ya taifa ya sayansi, watoto hawalipi kwa hiyo ni kiwanja chetu cha kudumu. Kuna saa pale aliitengeneza fundi mmoja, Tanaka Hisashige, mwaka 1851, ina nyuso sita, na uso mmoja ndo ule wa saa za zamani, vile vibao vya saa vinasogea vyenyewe, vinabanana au kuachana kufuata msimu. Nlisimama pale mpaka dogo akaanza kulia. Fikiria mtu kukaa chini kutengeneza mashine inayojua kwamba mchana wa leo sio sawa na wa mwezi ujao.

Kingine nilichokipata kutoka kwa mwalimu ni neno oyatsu. Kila mwenye mtoto huku analijua, ndo kile kitafunwa cha mchana, biskuti au tunda, siku hizi wanapewa saa tisa hivi. Kumbe neno linatokana na nane. Fungu hilo la mchana zamani lilikuwa linaitwa la nane, na ukipiga hesabu lilikuwa linaangukia mchana kwenye saa nane kwa Kiswahili. Zao zilikuwa zinahesabiwa kinyumenyume kutoka tisa kushuka mpaka nne, kwa hiyo imetokea tu zimekutana, lakini mimi tangu siku hiyo nikimpa mtoto oyatsu nasema njoo ule nane yako.

Haya, kisa cha saa chenyewe bado. Tulikuwa nazo mbili. Ya pili niliipachika pembeni nikabandika karatasi TANGA, ili nisimpigie mama usiku wa manane, nishawahi kumwamsha akadhani kuna msiba. Tofauti yetu na nyumbani ni masaa sita, na uzuri Wajapani hawapelekipeleki saa mbele na nyuma kama kule Uingereza kwa dada yangu, sita ni sita mwaka mzima. Mwezi wa kumi betri ya ile ya Tanga ikaisha. Nikasema nitanunua. Sikununua.

Baba watoto yuko kwenye yadi ya magari yaliyotumika, wateja wake wengi ni Dar, na wateja wa Dar wakisema nipigie saa kumi wanamaanisha saa kumi yao. Siku hiyo tumemaliza kula, nikamuuliza we unajuaje muda wa kumpigia na ile saa imekufa? Akanyoosha kidole kwa hiyo ya Japani. "Mshale ukigusa kumi napiga." Nikadhani ananitania. Nikakaa nikahesabu kwa vidole. Saa nne usiku hapa, mshale uko kwenye kumi. Toa masaa sita, Dar ni saa kumi jioni. Nikajaribu nyingine, saa saba mchana hapa, mshale uko kwenye moja, Dar saa moja asubuhi. Kila namba! Sisi tunasoma saa kwa kuruka sita, na Japani iko mbele yetu sita, kwa hiyo mshale wa jikoni Saitama unaonyesha saa ya Tanga kwa Kiswahili, bila betri ya pili. Miaka minne nilikuwa natoa na kujumlisha kichwani kama karani, na huyu mwanaume anajua na amenyamaza.

Ile ya TANGA nikaishusha, dogo anaichezea.

Binti sasa anasoma vizuri, shuleni ya shuleni, nyumbani ya nyumbani, ila akichoka zinachanganyika. Juzi amevaa nguo za kulalia, yuko kwenye vidio koli na bibi yake, simu kaiegemeza kwenye chupa ya sosi ya soya.

"Saa ngapi huko mjukuu wangu?"

Akainua macho juu ya friji. "Saa nane, bibi."

"Enhe, hata huku saa nane, ndo nimetoka kula. Sasa mbona kwenu giza hivyo? Hebu mwambie mama yako afungue madirisha."