Kifungu cha 19(c)

“Mama, mbona sura yangu ya nne inajiita 3.7?”

Ilikuwa Jumapili jioni, tumekaa barazani Nkuhungu, hapa Dodoma, upepo unasukuma vumbi la Oktoba, beseni la zabibu katikati yetu. Zilikuwa za mwisho za msimu, zimeanza kunywea kwenye vishada lakini tamu kuliko zile za mwanzo. Binti ana kompyuta mapajani. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo ilitakiwa chuoni kesho yake saa nne.

Nikaivuta kompyuta. Alikuwa amenakili kurasa za mwenzake akazibandika katikati ya zake, nazo zimekuja na namba zao za kulekule zilikotoka. Kila zilipomkera alibofya kulia akaagiza hesabu ianze upya, kiraka juu ya kiraka, mara saba. Hayo yanarekebishika. Kilichonisimamisha ni mstari mmoja wa ukurasa wa 26: “kama ilivyoelezwa katika 4.2.” Hiyo 4.2 aliiandika kwa vidole vyake, na 4.2 haikuwepo tena popote.

“Weka kando kwanza,” nikamwambia. “Kula zabibu. Kuna jambo sijawahi kukusimulia.”

Mwaka 2016, mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, baada ya mji kuitwa makao makuu tangu 1973, nilikuwa na meza yangu kwenye steshenari ile ya Jamatini. Mnaoijua meza ile mnaijua na foleni yake. Mikataba ya pango, maombi ya kazi, hati za kuuziana viwanja, kila mtu ana haraka. Nilikuwa na cheti cha uhazili cha Tabora na hatimkato, ule mwandiko wa alama fupi, ya maneno 80 kwa dakika ambayo hakuna aliyeiulizia tena, na nilijulikana kwa kazi safi.

Ndiyo maana katibu wa chama kimoja cha wakulima wa zabibu alikuja kwangu na daftari mbili za mwandiko. Walikuwa wanaandika upya masharti ya chama yaendane na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Wanachama wangeyapitisha kwenye mkutano mkuu, kisha yangepelekwa kwa Mrajis wa vyama vya ushirika yasajiliwe. Vifungu 62. Nilivichapa kwa siku nne, katikati ya wateja wengine. Namba za vifungu niliiachia programu izipange yenyewe, na vipengele vyake (a), (b), (c) vilevile. Lakini kila masharti yaliposema “kwa mujibu wa kifungu fulani”, hiyo namba niliiandika kwa mkono. Nilizihesabu baadaye. Zilikuwa 41.

Usiku wa kuamkia mkutano, saa tatu na nusu, katibu akanipigia simu. Kamati imekaa, wamekubaliana kiongezwe kifungu kuhusu mrithi wa mwanachama aliyefariki, kikae baada ya cha 11. Nilirudi steshenari na mlinzi akanifungulia. Nikaweka kishale mwisho wa kifungu cha 11, nikabonyeza Enter, na palepale 12 mpya ikajitokeza. Ya zamani ikawa 13, na zote za chini zikasogea moja moja hadi 63. Nakumbuka nilivyofurahi kuona namba zinatembea zenyewe. Nilichapa nakala 80, nikazibana pini, nikafunga ofisi saa saba usiku. Yale maneno 41 niliyoyaandika kwa mkono hayakusogea hata moja.

Asubuhi katibu akanichukua kwa bodaboda, kwa sababu kamati ilitaka mchapaji awepo kama kuna neno la kurekebisha. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Madawati yamejaa, wengine wamesimama madirishani, wanawake wamekaa upande wa mlango na khanga kichwani kwa sababu ya vumbi. Mwenyekiti akasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, akaitikiwa, akaeleza kwamba kila mmoja ana nakala na masharti yatasomwa kifungu kwa kifungu. Mpaka cha 31 tulikwenda vizuri. Watu walikuwa wamechoka na jua limefika juu.

Kifungu cha 32 kilihusu kufukuzwa. Katibu akakisoma haraka: mwanachama atakayebainika kuhusika na jambo lililotajwa katika kifungu cha 19(c) atafukuzwa uanachama, na hisa zake zitazuiliwa mpaka mkutano mkuu uamue vinginevyo. Akauliza kama kuna swali. Kimya. Akaanza kusema, “Wanaokubali wanyooshe…”

Mzee mmoja wa safu ya pili akanyoosha kidole chake kimoja tu.

Alikuwa amevaa koti la kijivu licha ya joto lile, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakusimama mara moja. Alilowesha kidole kwa ulimi, akafunua nakala yake kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, akiziweka kurasa zilizopita chini ya kiganja zisipeperushwe. Darasa zima tulimsikiliza akifunua. Alipofika akaweka kidole kwenye karatasi, akasimama huku kidole kikiwa palepale, akasoma kwa sauti ya mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, silabi kwa silabi:

“Kumi na tisa. Sa-ba-bu za ku-to-fi-ka mkutanoni. (a) Msiba. (b) Wito wa mahakama. (c) U-gon-jwa wa mwanachama, au wa mtu anaye-mu-u-gu-za.”

Akaivua miwani. Hakumtazama mwenyekiti wala katibu. Alinitazama mimi niliyekaa pembeni na kalamu yangu, kwa sababu mwanzoni waliniita mchapaji.

“Mwanangu,” akasema, “mimi mikutano miwili sikuja. Nilikuwa namuuguza mke wangu. Hapa umeandika nifukuzwe?”

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alikuwa anauliza kweli. Alidhani inawezekana kwamba watu wenye elimu wamekaa, wakafikiri, wakaamua hivyo, na yeye ndiye anapata habari mwisho. Nyuma yake mama mmoja akasema polepole, “Na mimi je?” Kisha nikaanza kusikia karatasi. Karatasi themanini zikifunuliwa kurudi nyuma kutafuta 19(c), sauti kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Nilisimama. Nikasema, “Hapana, babu. Ni kosa langu. Ni 20(c).” Kifungu cha 20(c) kilihusu kuchezea mizani ya chama na kuuza kwa jina la chama zabibu za mtu asiye mwanachama. Mzee akafunua, akakiona, akakisoma chote kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akauliza swali ambalo hadi leo ndilo ninalolisikia ninapofungua faili lolote refu.

“Na hivi vingine tulivyokwisha kunyooshea mikono?”

Mkutano ukaahirishwa wiki mbili.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Nilirudisha fedha. Katibu alikataa kuzipokea, nikaziacha mezani kwake. Mwanasheria mmoja aliyekuwa mteja wetu alinionyesha jambo kwa kunifungulia Katiba: kabla ya ibara ya 108, inayohusu Mahakama Kuu, zipo 107A na 107B. “Sheria ikishapitishwa,” akasema, “hatuisogezi namba, kwa sababu huwezi kujua ni nani ameshaitaja wapi. Tunaongeza herufi. Lakini rasimu ni kitu kingine, rasimu lazima itembee, na kinachoitaja kitembee nayo.” Nikakumbuka kwamba hata mwalimu wetu wa uhazili, aliyetoka enzi za taipureta, alitufundisha tusijaze rejeo la kifungu mpaka siku ya mwisho. Acha nafasi tupu, weka alama ya penseli pembeni. Nilikuwa nimefundishwa. Kompyuta ilinifanya nidhani somo lile limepitwa na wakati.

Wiki ile nilijifunza Microsoft Word upya kama mtu asiyewahi kuigusa, na hayo ndiyo niliyomwonyesha binti yangu pale barazani, giza likiingia.

Namba inayojipanga si maandishi. Jaribu kuweka kishale katikati yake, hakikai. Ukiibofya inageuka kijivu yote kwa pamoja. Inahesabiwa upya kila aya inapoongezwa au kuondolewa, na sifa yake imehifadhiwa kwenye ile alama ya mwisho wa aya ambayo kwa kawaida haionekani. Ndiyo maana aya ukiibandika kutoka faili la mwenzako na alama yake, inakuja na ukoo wake wote. Bandika maandishi matupu, kisha uyavishe staili yako mwenyewe.

Tukaondoa viraka vyake vyote saba. Tukatengeneza orodha moja tu ya ngazi nyingi kwa ripoti nzima: ngazi ya kwanza tukaifunga na staili ya Kichwa 1, ya pili na Kichwa 2, ya tatu na Kichwa 3. Baada ya hapo kazi yake si kuweka namba tena. Kazi yake ni kusema aya hii ni kichwa cha daraja gani, na namba inafuata. Sura ya nne ikarudi kuwa 4. Akashika mdomo.

Kisha ile 4.2. Nikamwambia aifute. Aingie kwenye menyu ya marejeo, achague rejeo la ndani, akiteue kichwa anachokitaja kwenye orodha, na aombe namba yake. Programu huweka alama iliyofichika kwenye kile kichwa, na mahali pa rejeo inaweka sehemu inayokwenda kuiuliza alama ile, “Wewe ni wa ngapi sasa?” Kwa vipengele kama (c) kuna chaguo la namba yenye muktadha kamili. Usipolichagua, ukilitaja kutoka kifungu kingine inaweza kukuletea (c) peke yake, na msomaji asijue ni (c) ya wapi.

“Kwa hiyo nikiongeza kitu inabadilika yenyewe?”

Hapo nilimshika mkono. Hapana, haibadiliki palepale. Hicho ndicho kinachowaponza hata wanaojua. Namba za vichwa zinatembea mara moja, lakini rejeo linasubiri liambiwe. Teua faili lote kwa Ctrl na A, bonyeza F9. Tanbihi na maneno ya juu na chini ya ukurasa hayamo katika kuteua huko, yaingie na uyahuishe penyewe. Usikosee ukabonyeza Ctrl, Shift na F9 pamoja, maana hapo rejeo linageuka maandishi ya kawaida na halitauliza tena. Na ukifuta kifungu kilichokuwa kinatajwa, F9 itakuletea maneno ya kosa kwamba chanzo cha rejeo hakikuonekana. Wengi wakiyaona wanaogopa. Mimi nayapenda maneno yale. Faili lile la 2016 lingeniambia hivyo japo mara moja, nisingelala usiku ule.

Akaongeza kichwa cha majaribio juu ya 4.2. Ikawa 4.3. Rejeo la ukurasa wa 26 likabaki 4.2. Akanitazama. Akabonyeza F9, na 2 ikawa 3.

Akairudia mara tatu, anafuta, anaongeza, anabonyeza. Kisha akaniuliza kuhusu mzee.

Baada ya wiki mbili nilikwenda tena na nakala mpya 80, marejeo yote 41 yakiwa hai kabla ya kuchapwa, na nikakaa usiku mzima kuyafuata moja moja kwa kidole jinsi alivyofanya yeye. Masharti yalipitishwa, yakasajiliwa. Mwenyekiti aliwaomba wanachama warudishe nakala za kwanza ili zichomwe. Zilirudi 71.

Mzee alikataa kurudisha yake. Nilimfuata nje, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Alikuwa ameisahihisha yote kwa kalamu ya bluu, kifungu kwa kifungu. Pale kwenye 32 alikata 19 kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika 20 juu yake. “Hii naijua,” akaniambia. “Hiyo mpya sijaisoma bado.” Nilimuuliza hali ya mkewe. Akasema anaendelea, kwa namna watu wanavyosema anaendelea.

“Na zile nyingine?” binti yangu akauliza. “Themanini toa sabini na moja ni tisa. Moja anayo mzee.”

Nane sijui ziko wapi. Ziko kwenye masanduku ya watu, au zilifungiwa karanga, au zipo ukutani zimebandikwa zisiingize upepo. Zote nane zina jina la chama, na zote zinasema 19(c).

Akanyamaza kidogo, akachukua kishada cha mwisho cha beseni, kisha akarudi ukurasa wa kwanza wa ripoti yake na kuanza kutafuta kila mahali alipoandika namba kwa mkono.