Kopo linasema protini 8, mfuko unasema 26

Jioni hii lebo mbili za chakula cha mbwa ziko mezani, mbwa anasubiri chini. Mfuko wa chakula kikavu: protini asilimia 26. Kopo la chakula chenye majimaji: asilimia 8.

Mfuko umeshinda, sivyo?

Ngoja. Tazama mstari wa unyevu. Mfuko una maji asilimia 10, kopo 78.

Yaondoe maji hayo: mfuko unabaki na asilimia 90, kopo 22. 26 gawanya kwa 0.90, unapata kama 29. 8 gawanya kwa 0.22, unapata 36. Kopo liko mbele! Mstari mdogo hivyo, na wengi hawausomi.

Kwa kalori mambo hugeuka: gramu 100 za kopo ni sawa na gramu 25 hadi 30 tu za kikavu. Ukiongeza kopo juu ya bakuli lilelile bila kupunguza kikavu, mbwa atanenepa.

Kopo lililofunguliwa likae kwenye friji, liishe ndani ya siku 3.

Kubadili chakula kuchukue siku 7, ukianza na robo ya kipya. Ukikurupuka, andaa dekio, maana anaweza kuharisha.

Wenzangu, lebo zenu zinasemaje kwenye unyevu?