Tunapolinganisha Kumbukumbu za Mafuriko ya Vimbunga

Watu waliopitia zaidi ya kimbunga kimoja wanapokutana, mazungumzo hayakawii kufika kwenye ulinganisho: kipi kilikuwa kikali zaidi, maji yalifika wapi, yalikaa kwa muda gani kabla ya kupungua. Nimeyasikiliza mazungumzo ya namna hiyo kwa miaka mingi, nami nimeyashiriki, na kila mara hunisumbua kuona kwamba tunavipanga vimbunga kwa ukali wa upepo, ilhali karibu yote tunayoyasimulia ni habari za maji.

Daraja la 1 hadi la 5 linalotangazwa kwa vimbunga vya Atlantiki hutokana na kasi ya upepo peke yake, wala halisemi lolote kuhusu mvua. Mwezi Juni 2001, dhoruba iitwayo Allison haikuwahi hata kufikia nguvu za kimbunga kamili. Ilibaki dhoruba ya kitropiki tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo ilipita Houston, mji wa Texas nchini Marekani, ikageuka na kurudi, ikamwaga mvua iliyojaza vyumba vya chini vya hospitali hadi umeme ukakatika na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Jina lake likaondolewa katika orodha ya majina yanayopewa dhoruba, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika Atlantiki kwa dhoruba isiyofikia kiwango cha kimbunga. Miaka 16 baadaye, Agosti 2017, kimbunga Harvey kiliingia Texas kikiwa cha daraja la 4, lakini mvua yake kubwa ilinyesha baada ya upepo kudhoofika, kwa sababu mfumo wenyewe ulikuwa umekwama karibu mahali pamoja kwa siku kadhaa. Katika mji wa Nederland ilipimwa mvua ya zaidi ya milimita 1,500. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kila mita ya mraba ya mji ule ilipokea zaidi ya tani moja na nusu ya maji.

Kwa maoni yangu, sentensi ya hatari kuliko zote katika masimulizi yetu ni ile ya kwamba safari iliyopita maji hayakufika hapa. Mahali maji yalipoishia mara moja hugeuka kuwa mpaka kichwani mwa mtu, naye huamua kuhama au kubaki kwa kuutegemea mpaka huo. Nyumba nyingi zilizofurika wakati wa Harvey zilikuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kwenye ramani kuwa ya hatari. Baadhi yake zilifikiwa na maji kutoka mabwawa ya Addicks na Barker ya Houston, ambayo yalijaa kiasi kwamba ilibidi yafunguliwe, na watu wa upande wa chini waliodhani wamevuka salama wakajikuta ndani ya maji mvua ikiwa inaelekea kuisha.

Kimbunga Idai kinaonyesha jambo jingine, kwamba kimbunga kimoja kinaweza kuacha kumbukumbu ambazo hazifanani hata kidogo. Mwanzoni mwa Machi 2019, kabla hakijawa kimbunga, mfumo uleule ulinyesha mvua kubwa Msumbiji na Malawi, ukaingia baharini, ukapata nguvu, kisha ukarudi na kutua karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi. Mkazi wa Beira atakusimulia mapaa yaliyong'olewa na mngurumo wa upepo wa usiku ule. Aliyekuwa katika mabonde ya mito Buzi na Pungwe atakusimulia maji yaliyoendelea kupanda upepo ukiwa umeshapita, hadi nchi kavu ikawa kama bahari na watu wakasubiri kuokolewa juu ya miti na mapaa. Wa Chimanimani, milimani Zimbabwe, atakusimulia mawe makubwa na tope vilivyoshuka gizani juu ya nyumba. Wote watatu wanasema kweli, na yeyote anayetaka kujua Idai ilikuwa nini hana budi kuwasikiliza wote.

Miaka minne baadaye kimbunga Freddy kilifanya karibu hayo hayo kwa njia ndefu zaidi. Kilivuka Bahari ya Hindi yote kutoka karibu na Australia, kikapiga Madagaska na Msumbiji mwezi Februari 2023, kisha kikarudi Msumbiji mwezi Machi. Kilipofika kusini mwa Malawi upepo wake ulikuwa umekwisha makali, lakini mvua haikukoma kwa siku kadhaa, na udongo wa miteremko ya Blantyre ukashindwa kuhimili. Nchini humo watu zaidi ya 1,000 walifariki au hawakuonekana tena.

Hata hivyo, wingi wa mvua nao hautoshi kuwa kipimo. Mwezi Februari 2007, kimbunga Gamede kilinyesha karibu milimita 3,930 kwa siku tatu kwenye Cratère Commerson, kisiwani Réunion, na hiyo ni rekodi ya dunia kwa muda huo, lakini hakikuleta maafa yanayokaribia yale ya Malawi. Maji yaliyoangukia juu ya mlima wa volkano, penye mabonde yenye kina na bahari iliyo karibu, hupata pa kwenda, ilhali robo yake tu ikiangukia bonde tambarare lililokwisha kulowa hukosa njia.

Ndiyo maana siku hizi, mtu anaponisimulia mafuriko, humuuliza ardhi ilikuwa imelowa kiasi gani kabla, maji yalitoka upande gani, na yalianza kupanda saa ngapi ikilinganishwa na upepo. Anayeniambia kwamba yalimfika magotini mara zote mbili humwomba anionyeshe alikuwa amesimama wapi. Mara nyingi hapo ndipo inapojulikana kwamba mafuriko mawili aliyoyaona kuwa sawa yalitofautiana sana, kwa kuwa safari ya pili alikuwa amesimama kwenye msingi ulioinuliwa baada ya ile ya kwanza.