Nilivyopima majani ya mchu yaliyoliwa na wadudu kwa skana ya saiba

Mtu akikwambia kupima eneo la jani kwa kompyuta ni kubonyeza kitufe kimoja, muulize kama amewahi kupima jani la mchu, mti mmojawapo wa mikoko. Mie nimeyapima, ya mikoko ya hori la Tudor, Mombasa, upande wa Mikindani, nikitaka kujua wadudu wamekula kiasi gani, na matokeo yangu nayatetea mbele ya yeyote.

Ushauri wa kwanza, tena kutoka kwa mtu mwenye cheo chake, ulikuwa nipige picha kwa simu, nifungue ImageJ, nichague kizingiti cha Otsu, yaani mpaka wa mwangaza unaotenganisha jani na karatasi, basi. ImageJ sina ugomvi nayo. Ni programu ya bure ya kupima picha iliyotokea Marekani, na hata kompyuta kuukuu huiendesha. Otsu, mtaalamu wa Kijapani, naye hana kosa. Njia yake, aliyoichapisha mwaka 1979, hutafuta kiwango cha mwangaza kinachozigawa pikseli, yaani vinukta vya picha, makundi mawili, za giza na za nuru, yakatengana kadiri iwezekanavyo. Lakini picha ya simu iliyopigwa dirishani ina makundi matatu: jani, karatasi na kivuli. Kivuli kikahesabiwa kuwa jani, na kila jani likanenepa upande mmoja. Tena simu ikiinama kidogo tu, vipimo navyo vinaondoka.

Mwengine akanihimiza nifunze akili mnemba. Ningelazimika kwanza kuichorea kingo za majani tele kwa mkono, na kama nina muda huo, si nimeshamaliza kazi yenyewe?

Nikaenda saiba. Skana ina kioo bapa na taa yake, jua halina usemi pale. Kwa nukta 300 kwa inchi, sentimita moja ya mraba ni pikseli karibu 13,950. Nilimwomba kijana wa pale ahifadhi picha kwa muundo wa TIFF, kwani ule wa JPEG huibana picha na kuvuruga kingo. Kila ukurasa niliweka pembeni kipande cha karatasi nyeusi cha sentimita 5 kwa 5. Kisiposoma 25, ukurasa huo siutaki. Gharama yote haikufika hata ya chakula cha mchana mjini.

Sasa sikiliza hili, maana hakuna aliyeniambia. Tenganisha rangi za picha, nyekundu, kijani na buluu, utumie chaneli ya buluu, yaani sehemu ya buluu, peke yake. Jani bichi hufyonza mwanga wa buluu, na lililoanza kuwa manjano pia hufyonza, kwa hiyo yote mawili hutoka meusi juu ya karatasi nyeupe. Histogramu, yaani mchoro wa idadi ya pikseli kwa kila mwangaza, ikasimama na vilima viwili vilivyoachana vizuri, na hapo Otsu akafanya kazi yake bila kubahatisha. Ila jani la mchu uso wake wa chini ni mweupe-mweupe, kwa hiyo upande wa kijani ndio ulale kwenye kioo.

Hata hivyo tarakimu za mwanzo zilinitia shaka. Majani niliyoyaona mazima kwa macho yalisomwa kuwa yametobolewa kila mahali. Nililikuza moja kwenye skrini mpaka pikseli zikaonekana kama vigae: vitobo vilikuwa vidogo mno, vyenye pembe, na vinametameta. Nikapitisha ulimi juu ya jani. Chumvi! Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake, ikikauka huwa chembe nyeupe, na kompyuta ilizihesabu kama matundu ya wadudu. Tangu hapo kila jani naliosha kwa maji baridi na kulikausha kwa tishu kabla ya kuliweka kwenye kioo. Dawa ya kompyuta ya kufuta madoa madogo ipo, lakini ingefuta na matundu halisi ya wadudu wadogo.

Kupata kilicholiwa, pima jani kama lilivyo, kisha iamuru programu ijaze matundu, upime tena. Tofauti ndiyo sehemu iliyoliwa. Jani lililong'atwa ukingoni halijazwi, ukingo wake unauchora mwenyewe.

Na majani yasigusane. Waliniambia njia ya wotashedi, ya kompyuta kukata maumbo yanayogusana pale yanapobana, itayatenganisha. Hutenganisha kweli, lakini jani lililoliwa mpaka likabana katikati nalo hulikata vipande viwili. Acha nafasi ya kidole baina yao, yatosha.

Mzee mmoja wa maabara hakuniamini. Nikachapisha maumbo ya majani kwenye karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, nikayakata kwa mkasi, nikayapima kwenye mizani yake mwenyewe: sentimita 100 za mraba za karatasi hiyo ni gramu 0.8. Tukalinganisha jani kwa jani, yakaoana. Akaniomba nimwonyeshe ile chaneli ya buluu.

Kwa majani ya mkoko wenyewe, mti mwengine si mchu, yale manene, kifuniko cha skana huinuka na mwanga ukaingia pembeni. Weka kitabu kizito juu.