Wasomaji Wanaomdai Haruki Murakami Majibu

Riwaya zinazowagawa wasomaji kama Kafka on the Shore ya Haruki Murakami ni chache. Ilitoka Japani mwaka 2002, ikawafikia wasomaji wa Kiingereza mwaka 2005 kwa tafsiri ya Philip Gabriel, na tangu hapo wapo wanaoimaliza na kuianza upya papo hapo, na wapo wanaoifunga kwa hasira wakisema mwandishi amewapotezea muda. Nimewasikiliza watu wa pande zote mbili, nami naona kwamba hasira hiyo inastahili jibu la heshima kuliko lile linalotolewa na mashabiki, ambao aghalabu humwambia mlalamikaji kwamba hajaelewa, basi.

Hadithi inakwenda kwa njia mbili zinazopokezana sura kwa sura. Njia ya kwanza ni ya Kafka Tamura, mvulana wa miaka 15 anayetoroka nyumbani kwao Tokyo kukimbia utabiri wa kutisha aliotamkiwa na baba yake, unaofanana na ule wa Oedipus wa Wagiriki, kwamba atamuua baba yake na kulala na mama yake, na ambaye anapata hifadhi katika maktaba ya binafsi mjini Takamatsu, kisiwani Shikoku. Njia ya pili ni ya mzee Nakata, ambaye mwaka 1944, akiwa mtoto wa shule, alizimia msituni pamoja na wenzake walipokwenda kutafuta uyoga. Wenzake walizinduka upesi. Yeye alizinduka baadaye sana, hajui tena kusoma wala kuandika. Uzeeni anaishi kwa posho ya serikali na kwa ujira mdogo wa kutafuta paka waliopotea, kazi anayoimudu kwa sababu anazungumza nao.

Panapozua ubishi mkubwa kuliko pote ni hapa. Nakata anakutana na mtu aliyevaa kama Johnnie Walker wa kwenye chupa ya pombe, mtu anayeua paka, na ambaye anamlazimisha mzee huyo mpole amuue yeye mwenyewe kwa kisu. Nakata anakwenda kwa polisi kijana kukiri, anamweleza kila kitu kwa adabu, kisha anamshauri abebe mwavuli kesho jioni kwa sababu samaki watanyesha. Polisi anamchukulia kuwa mzee aliyechanganyikiwa. Kesho yake dagaa na samaki wengine wanamwagika kutoka angani mtaani Nakano, Tokyo. Baba yake Kafka anakutwa ameuawa kwa kisu katika eneo hilohilo. Lakini aliyeamka na damu kwenye shati ni Kafka, mamia ya kilomita kutoka hapo, ilhali nguo za Nakata hazina hata tone.

Nani aliua? Wasomaji wengine wamechora ramani nzima za jibu: kwamba Nakata na Kafka ni nusu mbili za mtu mmoja, kwamba mzee alitenda kwa niaba ya kijana, kwamba yote ni ndoto ya Kafka. Wengine wanasema hakuna kitu hapo, ni kiini macho. Mimi naona kambi hizi mbili zinadai kitu kilekile. Sisi tuliokulia kwenye vitendawili tunajua haki ya aliyeshindwa: anatoa mji, anapewa jibu. Murakami hapokei mji. Mchapishaji wake, Shinchosha, alipowaalika wasomaji kutuma maswali kwa intaneti, yalifika zaidi ya 8,000, na mwandishi akajibu mwenyewe zaidi ya 1,200. Hata hivyo alishikilia kwamba riwaya ina mafumbo kadhaa yasiyoambatana na ufumbuzi, kwamba mafumbo hayo yakikutana huzaa uwezekano wa jibu, na kwamba jibu hilo huwa tofauti kwa kila msomaji. Ushauri wake ulikuwa kuisoma zaidi ya mara moja.

Kinachowaudhi watu, kwa maoni yangu, si ugeni wa matukio bali unyoofu wa lugha. Tunaambiwa Kafka amekula nini, amefanya mazoezi gani, amebakiwa na fedha kiasi gani, na usahihi huo unatufanya tuamini kwamba mwishoni kila kitu kitahesabiwa. Katika Nagona ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1990, msomaji anajua tangu kurasa za mwanzo kwamba ameiacha ardhi ya kawaida, na anajiandaa. Murakami hampi nafasi ya kujiandaa, na msomaji anapojiona amesalitiwa simlaumu.

Lipo lalamiko moja ambalo utetezi wa fumbo haulifuti. Wasomaji wengi, hasa wanawake, wamesema kwamba Bi Saeki, msimamizi wa maktaba ile, na Sakura, msichana ambaye Kafka anakutana naye safarini, wameumbwa zaidi kwa ajili ya safari ya mvulana kuliko kwa ajili ya maisha yao wenyewe. Nakubaliana nao. Kutokueleza kwa nini samaki wananyesha ni uamuzi wa kisanaa; kumnyima mhusika undani wake ni upungufu, hata tukiuita ndoto.

Anayepoteza subira ningemwomba amtazame Hoshino, dereva wa lori anayempa Nakata lifti na kuishia kuacha kazi ili afuatane naye. Anauliza maswali yote tunayouliza sisi, tena kwa lugha ya mtaani, na hakuna anayemjibu. Anatumwa kuchukua jiwe la mlango, yaani jiwe linalofungua njia ya kuingia ulimwengu mwingine, na mzee mwenye sura ya Colonel Sanders wa kwenye nembo ya kuku wa KFC, analigeuza kwa nguvu zake zote, kisha anaingia mkahawani, anasikia muziki wa Beethoven kwa mara ya kwanza, na moyo wake unafunguka. Nakata anapofariki usingizini, kitu cheupe kirefu kinatambaa kutoka kinywani mwa maiti. Hoshino anakikatakata kwa kisu bila mafanikio, mpaka anapotambua kwamba kinaliendea jiwe. Analigeuza tena, anaufunga mlango, ndipo anakiua. Hajui ni kitu gani, wala hatuambiwi. Mnaosema riwaya hii haina kitu, someni sura zake tena peke yake, kisha mniambie kama mnaamini bado kwamba mtu huyu alihitaji kuelezwa kile kitu cheupe ndipo atende alilotenda.