Joho la Ami na Kiti cha Spika

Wiki sita kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 7 Julai, mwalimu mkuu wetu aliniita ofisini akaniambia kwamba amechoka na ngonjera, amechoka na mashairi yanayokaririwa huku mtoto akitazama dari, na kwamba mwaka huu anataka wanafunzi waendeshe Bunge kwa Kiswahili, kuanzia dua ya kufungua hadi kuahirishwa kwa kikao. Nimefundisha Kiswahili katika shule za Mombasa kwa miaka 22, na nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Sikujua kwamba kati ya kazi zote za Bunge, itakayoninyima usingizi ni ya mtu mmoja tu, yule anayekaa kwenye kiti kikubwa na ambaye, kwa macho ya mtazamaji wa televisheni, hafanyi lolote ila kuwataja wenzake majina.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumsikiliza mwenzangu anayefundisha historia. Bwana huyu ni mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba hakuna kikao duniani ambacho yeye hawezi kukiendesha. Aliniambia mambo matatu kwa mkupuo mmoja: nimchague mwanafunzi mwenye sauti kubwa, nimpe nyundo, na nisisahau kumfundisha kupiga kura ya turufu iwapo kura zitalingana. "Mwalimu, Spika asiye na kura ya turufu ni mshereheshaji wa harusi tu," akasema, akacheka peke yake. Ushauri wa bure ni kama samaki wanaouzwa kwa bei ya kutupa jua likichwea. Nilibeba wote watatu nyumbani, na wote watatu walikuwa wameoza.

Bunge letu nililipima kwa kipimo cha lile la Nairobi. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa, jumla 349, na Spika, ambaye ni mbunge kwa wadhifa wake, anatimiza 350. Nikagawanya kwa 10, nikapata wabunge 34 na Spika wao. Akidi ya Bunge la Taifa, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa ili kikao kiendelee, ni wabunge 50, kwa hiyo yetu ikawa 5. Hoja ilikuwa ya kwao wenyewe: kwamba wachuuzi wa viazi karai na achari waruhusiwe kuuza ndani ya ua wa shule wakati wa mapumziko.

Kiti nilimpa kiranja mkuu, kijana mwenye sauti ambayo, nina hakika, wavuvi wa ng'ambo ya mlango wa bahari huisikia. Alikuja na nyundo ya seremala kutoka karakana. Dakika tano za kwanza zilipita salama. Dakika ya sita mbunge mmoja wa upinzani alisimama akasema, "Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika," na kiranja, ambaye hakujua kwamba hoja ya nidhamu ni haki ya mbunge na kwamba Spika analazimika kuisikiliza kisha atoe uamuzi, alipiga meza na kunguruma, "Toka nje!" Msichana aliyecheka akatolewa. Aliyeuliza kwa nini msichana ametolewa akatolewa. Katikati ya vurugu hizo Spika wangu akaanza kuchangia hoja mwenyewe, akieleza kwa kirefu jinsi achari ilivyomlaza siku mbili alipokuwa kidato cha kwanza, na alipofika kwenye sehemu ya kusikitisha zaidi akapiga meza kwa uchungu, kichwa cha nyundo kikachomoka, kikapita dirishani, kikatua chini ya mwarobaini hatua tatu kutoka kwa bawabu. Alipokuwa ameshika mpini mtupu, kijana mdogo wa safu ya nyuma alisimama kwa adabu akasema, "Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika. Nimehesabu, tumebaki wanne. Bunge hili halina akidi." Kiranja akamjibu, "Toka nje!" Wakabaki watatu.

Usiku ule nilifungua Katiba ya 2010 na Kanuni za Kudumu za Bunge, nikazisoma kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka mchangani. Leo nasema bila kuuma maneno kwamba nazijua kuliko baadhi ya waheshimiwa wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kifungu cha 106 kinasema Spika huchaguliwa na Bunge lenyewe, kutoka miongoni mwa watu wanaostahili kuwa wabunge lakini si wabunge. Naibu wake ndiye hutoka miongoni mwa wabunge. Mwenzangu aliwahi kuniambia kwamba Spika huteuliwa na Rais. Mimi nilikuwa nimemtoa kiranja katika orodha ya wabunge kwa bahati tu, si kwa maarifa.

Kifungu hichohicho kilinipa njia ya kumwondoa. Spika hung'olewa kwa azimio linaloungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote, ambayo kwetu ni 23 kati ya 34. Nilimweleza kiranja kwamba hili ni somo wala si aibu, naye akakubali kwa shingo upande. Wakapiga kura. Alipata pigo la kura 31, na ninashuku kwamba watatu waliobaki ni wale ambao hakuwahi kuwatoa nje.

Uchaguzi wa pili tuliufanya kwa kura ya siri, kama inavyotakiwa. Niliwaeleza kwamba katika duru ya kwanza mgombea hushinda akifikisha theluthi mbili, la sivyo wawili wa mbele huingia duru nyingine, na nikawakumbusha 2022, pale Moses Wetang'ula alipopata kura 215 dhidi ya 130 za Kenneth Marende, hazikufika theluthi mbili, na Marende akajiondoa asisubiri duru ya pili. Marende mwenyewe 2008 alimshinda Francis ole Kaparo kwa 105 dhidi ya 101, baada ya kura kurudiwa hadi duru ya tatu. Aliyeshinda kwetu, katika duru ya pili, kwa 19 dhidi ya 15, alikuwa msichana wa kidato cha pili ambaye akijibu swali darasani lazima nimsogelee ndipo nimsikie. Mwenzangu wa historia alishika kichwa.

Hapa ndipo nilipopata ile hila ambayo mpaka leo najivunia. Nilikuwa nikitazama matangazo ya kikao cha Bunge, kelele zimepanda, wabunge wanaelekezana vidole, na nikasubiri Spika apaaze sauti. Hakupaaza. Alisimama tu. Nikarudi kwenye Kanuni nikaikuta imeandikwa: Spika akisimama, mbunge yeyote anayezungumza hukaa, na Spika husikilizwa kwa ukimya. Msichana wangu hakuhitaji sauti, alihitaji magoti. Tulifanya mazoezi siku mbili ya kusimama peke yake. Polepole, mikono kwenye meza, macho kwa anayesumbua, bila neno. Siku ya tatu alisimama katikati ya makelele ya viazi karai na darasa zima likakaa kama nazi zilizoanguka pamoja. Niliomba udhuru nikatoka nje, maana nilitaka kupiga vigelegele.

Kumtoa mtu nje nilimfundisha kuwa ndiyo ngazi ya juu, na ngazi hupandwa kwa mpangilio. Kwanza anaonywa. Akiwa ametukana, anaambiwa aondoe kauli na aombe radhi. Akikaidi ndipo anaamriwa kutoka kwa muda uliobaki wa kikao cha siku hiyo. Katika wiki tano zilizofuata alimtoa mmoja tu, naye alitoka akijua kosa lake.

Utoro ulinisumbua hadi Katiba iliponisaidia tena. Mbunge akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila idhini ya Spika iliyoandikwa, na asipotoa maelezo ya kuridhisha kwa kamati husika, hupoteza kiti, na Spika ana siku 21 za kuiarifu tume ya uchaguzi kwa maandishi kwamba kiti ki wazi. Mimi nilipunguza vikao kuwa vitatu. Barua za kuomba ruhusa zilizomiminika kwa yule msichana zilikuwa insha bora kuliko zote nilizosahihisha muhula huo. Wanaohangaika na utoro wa klabu nawashauri wasigombe na mtu, wadai barua.

Lugha nayo ilitengemaa kwa njia hiyohiyo. Lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini mbunge akianza kuchangia kwa lugha moja hana budi kumaliza kwa hiyohiyo. Watoto wa siku hizi huanza kwa Kiswahili, wakapinda kona kwa Kiingereza, wakaegesha kwa Sheng. Spika alikuwa akiwaacha wafike kwenye kona, kisha anasimama. Ilitosha.

Kuhusu mavazi, mshonaji mmoja wa mjini alinitajia bei ya joho ambayo ingenunua mbuzi na chenji ikabaki. Nikavuka feri hadi Likoni kwa ami yangu, ambaye ana joho jeusi lenye nakshi za uzi wa dhahabu. "Ami, nakuomba joho lako, nataka kumvisha Spika," nikamwambia. Akalitoa sandukuni likinukia udi. "Mwanangu, joho hili limeoa mara mbili," akasema. "Lirudishe lilivyo." Nililivingirisha kwa leso na kurudi nalo mjini bila kulipa hata senti, maana feri kwa waendao kwa miguu ni bure. Rungu la Bunge, lile liwekwalo mezani kuwa ishara ya mamlaka, nililitengeneza kwa mchi wa kinu nilioupaka rangi ya dhahabu. Rangi na brashi vilinigharimu kama mia tano hivi, na nakala za karatasi sikuziandika hesabu. Watanzania huliita siwa, jina ambalo sisi wa Pwani tunalijua kwa pembe ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, zilizopulizwa katika shughuli kubwa za wakuu. Niliona fahari ya neno, lakini niliwaambia wanafunzi wasilipulize la kwetu.

Jambo moja nililihifadhi hadi mwisho kumwambia msichana. Mbunge mmoja alikuwa amedai mazoezini kwamba kila mtu anajua duka la shule linapunja watoto, na mwingine akasimama kumtaka athibitishe. Msichana akaniuliza Spika afanyeje. Nikamsimulia Oktoba 1975, mbunge Martin Shikuku aliposema Bungeni kwamba kuna watu wanajaribu kuliua Bunge kama walivyoiua KANU, chama tawala cha wakati huo, akatakiwa kuthibitisha, na Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa katika eneo la Bunge na kuwekwa kizuizini bila kesi hadi 1978. Msichana alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi nitamwambia alete risiti."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa wazazi, na mwenzangu wa historia alikaa safu ya mbele kama mkaguzi. Dua ilisomwa, rungu likawekwa mezani, mjadala ukaenda vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Ilipofika kura ya sauti, Spika alitangaza kwamba anadhani waliosema ndiyo wameshinda. Wa upinzani wakapinga, kura zikahesabiwa mmoja mmoja. Kumi na saba wameunga. Kumi na saba wamepinga. Ukumbi ukalipuka. "Kura ya turufu! Spika apige kura!" Nilimsikia mwenzangu waziwazi, na sauti yake ilikuwa ya ushindi.

Msichana alisimama. Alisubiri mpaka ukawa unasikia mapanga ya feni, kisha akasema kwa sauti yake ileile ndogo kwamba huenda kwingine, kama Uingereza, Spika hupiga kura matokeo yakilingana, lakini kwa mujibu wa Kifungu cha 122 cha Katiba ya Kenya anayeongoza kikao hana kura, na kura zikilingana hoja huwa imeshindwa. Wachuuzi wakabaki nje ya lango. Mwenzangu aligeuka kunitazama, nami nikajifanya natengeneza leso.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa akihofia achari kuliko mtu yeyote ukumbini, alinyanyuka kwa furaha kuja kutoa shukrani. Hakugundua kwamba kikao hakijaahirishwa na kwamba Spika bado amesimama. Alikuwa amefika katikati ya ukumbi msichana alipomkazia macho, mikono mezani, joho la ami likiburuzika sakafuni. "Wageni watakaa kimya," akasema, "mpaka kikao kiahirishwe." Mwalimu mkuu aliangalia huku na huku, akaona kiti cha plastiki kitupu kando ya mama mmoja mwenye mtoto, akakaa. Ndipo Spika akaliahirisha Bunge hadi Jumanne saa nane unusu mchana, kama wafanyavyo Nairobi, ingawa Jumanne hiyo hatukuwa na kikao chochote.